Nyumba ya Kwanza ya Kupangisha: Mwongozo Kamili kwa Anayeanza Kuwekeza Kwenye Majengo

Wanunuzi wengi wa mara ya kwanza huanzia mwisho. Wanaiona nyumba, wanaipenda, ndipo wanatafuta hesabu za kuitetea mbele ya mwenza au benki. Mwongozo huu unaanzia upande wa pili: daftari kwanza, nyumba baadaye. Sababu ni moja tu. Nyumba ikishanunuliwa kwa bei isiyostahili, hakuna mpangaji mwema wala fundi hodari atakayeiponya.

Nimemlenga mtu anayetaka kununua nyumba moja au fleti moja ili aipangishe, kwa fedha zake au kwa mkopo. Sheria, kodi na taratibu za usajili hutofautiana nchi hadi nchi, kwa hiyo hapa utapata mambo ya kuuliza na hesabu za kufanya. Majibu ya kisheria mwachie wakili wa huko unakonunua.

Hatua ya 1: Amua faida yako itatoka wapi

Jengo humlipa mwenyewe kwa njia mbili. Ya kwanza ni pango linaloingia kila mwezi. Ya pili ni thamani kupanda, ambayo huioni mpaka siku unapouza. Kiwanja kitupu kina njia ya pili tu, na wakati unasubiri unalipia kodi, ulinzi na usafi wake.

Utasikia kwamba ardhi haishuki bei. Si kweli. Japani, bei za ardhi mijini zilifika kileleni mwaka 1991 na kisha zikashuka kwa miaka mingi mfululizo. Marekani, bei za nyumba zilianza kuanguka baada ya 2006, na kufikia 2012 zilikuwa zimepoteza zaidi ya robo ya thamani yake kwa wastani wa nchi nzima. Ayalandi zilipungua karibu nusu kati ya 2007 na 2013. Walioumia zaidi hawakuwa wale ambao bei zilishuka wakiwa na wapangaji wanaolipa. Walioumia ni waliokopa wakitegemea kuuza kwa bei ya juu kesho yake.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza: nunua nyumba ambayo pango lake peke yake linaitosha. Thamani ikipanda, hiyo ni nyongeza.

Kama baada ya kusoma hatua zote utaona kazi ni nyingi kuliko nafasi uliyonayo, kuna kampuni na mifuko inayomiliki majengo kwa niaba ya wanahisa na kuuza hisa zake kwenye soko la mitaji. Mfumo huo ulianzishwa kisheria Marekani mwaka 1960 na sasa upo katika nchi nyingi. Huko Marekani, mfuko wa aina hiyo hulazimika kugawa angalau asilimia 90 ya mapato yake yanayotozwa kodi kwa wanahisa. Hutapigiwa simu ya bomba lililopasuka, lakini pia huchagui nyumba wala mpangaji.

Hatua ya 2: Weka sawa mfuko wako kabla hujaangalia tangazo lolote

Lipa kwanza madeni ya riba kubwa, hasa yale ya kadi na ya simu. Hakuna nyumba ya kawaida itakayokupa faida inayozidi riba ya madeni hayo.

Kisha tenga mafungu matatu, na usiyachanganye. La kwanza ni malipo ya awali ya nyumba. La pili ni gharama za kununua: wakili, mthamini, mkaguzi, ushuru wa uhamisho, usajili, na ada za benki kama unakopa. Watu husahau fungu hili, ilhali linaweza kufika asilimia kadhaa za bei. La tatu ni akiba ya nyumba yenyewe, inayotosha gharama zote za miezi mitatu hadi sita, marejesho ya mkopo yakiwemo, mpangaji asipokuwepo. Akiba hii ni mbali na ile ya familia yako.

Ukikosa fungu la tatu, bado hujawa tayari, hata kama benki imekubali.

Hatua ya 3: Chagua eneo dogo na ulijue kuliko dalali

Usitafute nyumba katika mji mzima. Chagua mitaa miwili au mitatu unayoweza kufika kwa urahisi, uifuatilie kwa miezi kadhaa. Andika kila nyumba inayotangazwa: ukubwa, bei, na ilikaa sokoni muda gani kabla ya kuchukuliwa. Bei inayotajwa kwenye tangazo ni ombi la mwenye mali. Unachokitaka ni bei ambayo watu wamekubali kulipa kweli, na hiyo utaipata kwa wapangaji wenyewe, kwa wathamini, au kwenye kumbukumbu za mauziano pale zinapokuwa wazi kwa umma.

Uliza pia wapangaji wa hapo wanaishi kwa kazi gani. Mtaa unaotegemea kiwanda kimoja, chuo kimoja au mradi mmoja wa ujenzi unaweza kujaa leo na kubaki mtupu mradi ukiisha. Angalia maji, barabara, usafiri, na kama kuna majengo mengi mapya ya aina ileile yanayokaribia kukamilika. Fleti 200 zikifunguliwa kwa mpigo karibu na yako, pango lako litashuka upende usipende.

Hatua ya 4: Piga hesabu, na upige tena kwa ukali

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko kwingine. Tuchukue mfano wa nyumba inayouzwa 100,000 kwa sarafu yoyote utakayo, na pango lake ni 900 kwa mwezi. Gharama za kununua ni 6,000, kwa hiyo fedha yote inayohitajika ni 106,000.

Dalali atakuambia: 900 mara 12 ni 10,800 kwa mwaka, yaani karibu asilimia 11. Hesabu hiyo ni sahihi na haina faida kwako, kwa sababu inadhani nyumba haikai wazi, haiharibiki na haitozwi chochote.

Sasa tupunguze. Mwezi mmoja nyumba iko wazi kati ya mpangaji anayetoka na anayeingia: toa 900, inabaki 9,900. Kodi ya jengo na bima: toa 1,000. Matengenezo, kwa makadirio ya asilimia 10 ya pango la mwaka: toa 1,080. Usimamizi, asilimia 10 ya pango lililokusanywa: toa 990. Kinachobaki ni 6,830. Ukigawa kwa 106,000 unapata asilimia 6.4 hivi. Hayo ndiyo mapato halisi ya nyumba ile iliyotangazwa kuwa ya asilimia 11, na bado kodi ya mapato haijakatwa.

Wengi huliruka fungu la usimamizi wakisema nitasimamia mwenyewe. Simamia, lakini liache kwenye hesabu. Muda wako una thamani, na siku ukihama au ukiugua utamlipa mtu. Fungu la matengenezo nalo lisikudanganye likipita mwaka halijaguswa. Paa, tangi la maji na nyaya haziharibiki kidogo kidogo kila mwezi. Hukaa kimya miaka, kisha hudai fedha yote siku moja. Kwa nyumba kuukuu, asilimia 10 ni ndogo, weka 15 au zaidi.

Sasa igeuze hesabu. Tuseme unataka mapato halisi ya asilimia 8. Gawa 6,830 kwa 0.08, unapata kama 85,400. Hiyo ni fedha yote pamoja na gharama za kununua. Ukiondoa gharama hizo kwa kiwango kilekile cha asilimia 6, bei ya nyumba inakuwa karibu 80,500. Sasa unayo namba ya kwenda nayo mezani, na haikutoka kwa muuzaji wala kwa hisia zako. Akikataa, unaondoka. Ni jambo la kawaida kuchambua nyumba nyingi na kununua moja.

Kodi ya mapato iulizie mapema. Kuna nchi zinazokuruhusu kutoa gharama na riba kabla ya kutozwa, na kuna zinazotoza asilimia fulani ya pango lote bila kujali ulitengeneza paa. Tofauti hiyo peke yake inaweza kuigeuza nyumba nzuri kuwa ya kawaida.

Hatua ya 5: Mkopo, ukiuhitaji

Kukopa harusi, kulipa matanga, walisema wahenga. Hata hivyo mkopo wa nyumba si adui, alimradi umeuelewa.

Turudi kwenye nyumba yetu kwa bei ya 100,000. Benki inakupa 80,000 kwa riba ya asilimia 8 kwa miaka 20. Rejesho la kila mwezi ni kama 669, sawa na 8,030 kwa mwaka. Nyumba inaingiza 6,830. Pengo ni 1,200 kwa mwaka, yaani 100 kila mwezi kutoka kwenye mshahara wako, na hapo nyumba ina mpangaji anayelipa vizuri. Sababu iko wazi: riba ya benki ni asilimia 8 na nyumba inazalisha 6.4. Kila unachokopa kwa masharti hayo kinakupunguzia faida. Mkopo huongeza faida pale tu nyumba inapozalisha zaidi ya gharama ya fedha iliyokopwa.

Jambo la pili ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa: katika rejesho la kwanza la 669, riba huchukua 533 na deni hupungua kwa 136 tu. Baada ya miaka mitano utakuwa umelipa zaidi ya 40,000, na deni bado liko karibu 70,000. Ukiuza wakati huo, usishangae.

Kisha uliza kama riba imefungwa au inapanda na kushuka. Ikitoka asilimia 8 hadi 10 mapema katika mkopo huo, rejesho linaruka kutoka 669 hadi kama 772. Pima hesabu yako kwa riba iliyoongezwa pointi mbili au tatu. Uliza pia adhabu ya kulipa mapema, ada ya kufungua mkopo, bima za lazima, na benki hufanya nini ukichelewa mwezi mmoja.

Kipimo ninachokipenda ni hiki: mapato halisi ya mwaka yawe angalau mara 1.25 ya marejesho ya mwaka. Kwa nyumba yetu hiyo ni 5,464 kwa mwaka, yaani mkopo usiozidi kama 54,000. Na usikope kwa fedha ya kigeni ikiwa wapangaji watakulipa kwa fedha ya nchi. Sarafu ikiporomoka, deni linavimba na pango linabaki palepale.

Hatua ya 6: Ikague nyumba kwa macho ya fundi

Nenda zaidi ya mara moja: asubuhi ya siku ya kazi, usiku, na ikiwezekana baada ya mvua kubwa. Mvua husema mengi ambayo muuzaji hayasemi. Tafuta alama za maji chini ya kuta, madoa kwenye dari, harufu ya ukungu kabatini. Rangi mpya kwenye sehemu moja tu ya ukuta inastahili swali.

Nyufa nyembamba kama unywele kwenye lipu ni za kawaida. Ufa unaopanda kimshazari kutoka kwenye kona ya dirisha au mlango, unaopita hadi upande wa pili wa ukuta, au uliopanuka milimita tano na zaidi, unahitaji mhandisi kabla ya senti moja kutoka. Fungua bomba zote kwa pamoja uone nguvu ya maji, vuta maji ya choo, washa taa na vifaa vizito kwa wakati mmoja. Tazama kisanduku cha umeme. Panda juu ya dari, au mlipe fundi apande.

Ukaguzi wa fundi au mhandisi uliyemchagua wewe, asiyefahamiana na dalali, ni gharama ndogo ukilinganisha na paa. Taarifa yake iwe ya maandishi, yenye makadirio ya matengenezo. Makadirio hayo unayarudisha kwenye hesabu ya hatua ya 4, na bei yako inashuka kwa kiasi hicho.

Zungumza na majirani pia. Uliza kuhusu mafuriko, maji, wizi, na kwa nini mpangaji wa mwisho aliondoka.

Hatua ya 7: Hakikisha anayeuza ndiye mwenye mali

Nyumba mbovu hutengenezeka. Nyumba isiyo ya muuzaji hukupokonya kila kitu, kwa hiyo hatua hii haina njia ya mkato.

Ajiri wakili wako mwenyewe. Wakili mmoja kwa pande zote mbili ni nafuu mpaka siku mnapogombana. Mwambie afanye upekuzi kwenye ofisi ya usajili wa ardhi, kwa sababu jina lililo kwenye karatasi ya muuzaji linaweza lisiwe lililo kwenye daftari la serikali. Nchi nyingi hufuata mfumo ulioanzia Australia Kusini mwaka 1858, chini ya Robert Torrens, ambapo daftari la serikali lenyewe ndilo uthibitisho wa umiliki. Kwingine umiliki huthibitishwa kwa mlolongo wa hati za mauziano, na wakili hulazimika kuufuatilia kutoka muuzaji hadi muuzaji akihakikisha hakuna pengo. Muulize wewe uko kwenye mfumo gani.

Upekuzi ujibu haya: nani ameandikishwa kuwa mmiliki, na je, yuko peke yake? Kuna rehani, zuio au kesi? Kodi na bili za huduma zimelipwa? Kama ardhi ni ya kukodishwa kwa muda, imebaki miaka mingapi? Mpango wa matumizi ya ardhi unaruhusu makazi ya kupangisha? Jengo lilijengwa kwa kibali? Kisha mpima ardhi aoneshe mipaka uwanjani, kwa alama zinazolingana na ramani, ujue kama ukuta haujaingia kwa jirani au kwenye hifadhi ya barabara.

Mazingira matatu yanataka uangalifu wa ziada. Mali ya marehemu: dai uthibitisho wa mahakama kuhusu nani anayesimamia mirathi, na ujue warithi wote wako wapi. Mali ya wanandoa: pata ridhaa ya maandishi ya mwenza hata kama jina lake halimo kwenye hati. Muuzaji anayewakilishwa na mtu mwenye hati ya uwakili: zungumza na mwenye mali moja kwa moja, na mthibitishe kuwa yu hai, kwani kwa kawaida uwakilishi hufa na aliyeutoa.

Nyumba ikiwa na mpangaji tayari, omba mkataba wake na kumbukumbu za malipo. Mahali pengi mkataba wa upangaji huendelea hata nyumba ikibadilisha mwenyewe, na amana ya mpangaji hugeuka kuwa deni lako. Ikabidhiwe kwako siku ya mauziano.

Hatua ya 8: Mkataba na malipo

Bei yako ya kwanza iwe chini ya kikomo ulichokipata, na kikomo hicho usimtajie dalali. Yeye hulipwa mauziano yakitokea, si ukipata bei nzuri. Mkataba utaje masharti ya kujitoa na kurudishiwa amana: hati ikikutwa na kasoro, ukaguzi ukionyesha ubovu mkubwa, au mkopo ukikataliwa.

Fedha ipite benki, kwenye akaunti maalumu ya mawakili au ya mtu wa kati aliyekubaliwa kisheria, na itoke pale tu masharti ya uhamisho yanapotimia. Namba ya akaunti ithibitishe kwa kumpigia wakili kwa simu unayoijua, hasa ukipokea ujumbe kwamba akaunti imebadilika. Wezi wa mtandaoni huvizia hatua hii. Upekuzi urudiwe asubuhi ya siku ya kulipa, kwa kuwa rehani au zuio jipya linaweza kuingizwa tangu ulipopekua mara ya kwanza.

Atakayekuharakisha kwa maneno kwamba kuna mnunuzi mwingine jioni hii, mwache amuuzie huyo.

Hatua ya 9: Mpangaji, daftari na mwaka wa kwanza

Nyumba kukaa wazi mwezi mmoja zaidi ni hasara ndogo kuliko kumwingiza asiyelipa. Thibitisha kipato chake, ongea na aliyempangisha kabla (si wa sasa tu, maana wa sasa huenda anataka aondoke), na uwapime waombaji wote kwa vigezo vilevile. Mkataba uwe wa maandishi: pango, tarehe, amana na masharti ya kuirudisha, nani anatengeneza nini, na notisi ya kila upande. Siku ya kukabidhi ufunguo, pigeni picha kila chumba na msaini orodha ya hali ya nyumba. Ugomvi mwingi wa amana huishia hapo.

Fungua akaunti ya benki ya nyumba peke yake. Pango liingie humo na gharama zitoke humo, na hifadhi stakabadhi zote. Mali bila daftari huisha bila habari, na mtoza kodi naye atataka kuliona.

Mpangaji mzuri mtengenezee haraka. Ukipandisha pango, usilifikishe mahali ambapo kuhama kunakuwa rahisi kwake kuliko kubaki. Katika mfano wetu, mwezi mmoja mtupu ni 900, wakati nyongeza ya 30 kwa mwezi huleta 360 tu kwa mwaka mzima.

Miezi 12 ikitimia, rudi kwenye hesabu ya hatua ya 4 na uijaze kwa namba za kweli: siku nyumba ilizokaa wazi, fedha iliyokwenda kwa mafundi, kodi uliyolipa. Zikikaribiana na makadirio, unaweza kuanza kutafuta ya pili kwa kipimo hichohicho. Zikiwa mbali, tafuta fungu lililokosewa kabla ya kununua tena. Kama nyumba inakula mshahara wako na hakuna cha kurekebisha, linganisha hasara ya kuendelea nayo na gharama ya kuuza, pamoja na kodi ya ongezeko la mtaji na adhabu ya benki, kisha uchague iliyo ndogo.